Karibu ya Luhaga

Nyumba ya Luhaga imejengwa juu ya mawe ya Mabatini, na njia ya kupandia mlimani inapita mbele ya kizingiti chake, karibu mno, hata mtu akipita na ndoo kichwani matone humdondokea aliyekaa mlangoni. Hapo mlangoni ndipo Luhaga alipokula chakula chake kwa miaka ishirini na minne. Kigoda chake kilitazama njia. Mlango ulikuwa wazi, iwe mvua au jua, na kila aliyepita aliambiwa neno moja: "Karibu."

Watu husema karibu wakiwa wanakula. Ni adabu tu. Na anayekaribishwa anajua adabu yake. Hujibu, "Ahsante, nimetoka kula sasa hivi," akaendelea na safari hata kama tumbo linanguruma. Karibu ya Luhaga haikuwa hivyo. Yeye alikuwa mtu wa haya. Sokoni alinunua alichopewa, msibani alikaa nyuma ya watu, na mteja akimkemea alitazama nyundo yake. Neno hilo tu ndilo alilisema kwa sauti, na alipolisema alisogea pembeni kumpisha mtu nafasi. Ukishapishwa nafasi namna hiyo unaona aibu kukataa. Watu wakakaa, wakanawa, wakala.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza majiko ya mkaa kule Mirongo. Alikata mapipa chakavu kwa patasi, akakunja bati, akatoboa matundu, akapiga riveti, toka asubuhi hadi jua linapopoa. Majiko yake yamo katika nyumba nyingi za mji huu. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuinjika sufuria hata siku moja. Kwao, Usukumani, mama yake alimfundisha kwamba mwanamume hafunui chungu. Mwanamume anayefunua chungu anamwambia mkewe, bila kutamka, kwamba yeye, mke, ni mwizi wa chakula.

Kulikuwa na jambo jingine la huko kwao, ambalo hakumsimulia mtu isipokuwa mkewe, tena mara moja tu, walipokuwa bado wapya. Luhaga akiwa darasa la tano njaa iliingia kijijini. Baba yake akaanza kufunga mlango wakati wa kula. Walikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, gizani, bila kuzungumza, na nje walisikia miguu ya watoto wa jirani ikisimama, ikisubiri, kisha ikiondoka. Njaa ilipita, jina likabaki. Wakaitwa watu wa komeo. Baba yake alipofariki, majirani walikuja kuzika, wakazika haraka, wakaondoka na majembe yao bila kunawa mikono pale nyumbani. Luhaga aliyaona yale maji ya kunawa yamekaa kwenye beseni mpaka jioni, safi kama yalivyochotwa. Hakuyasahau.

Mkewe, Evelina, alitoka Ukerewe. Alikuwa mwanamke mwepesi wa maneno, na alipofika Mabatini mtaa mzima ulimpenda kwa jinsi alivyopika samaki aina ya sato. Alimzalia Luhaga mtoto mmoja, Teodora, na ndipo wakaitana Baba Teo na Mama Teo. Utaratibu wao wa kula ulikuwa kama wa nyumba nyingi za hapo. Evelina alipakua ugali wa mumewe kwenye sinia, akaweka bakuli la mboga, akampelekea mlangoni. Kilichobaki sufuriani kilikuwa chake na cha mtoto, nao walikula jikoni, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Mgeni akiketi, Luhaga aliita bila kugeuka: "Mama Teo, maji ya kunawa!"

Maana yake Evelina aliijua. Alileta maji, na baada ya maji alileta kilichobaki sufuriani.

Aliyekuja mara nyingi kuliko wote ni Machibya, fundi mwenzake Luhaga, ambaye mkewe alibaki kijijini kulima na yeye akapanga chumba juu zaidi ya mlima. Machibya alikuwa mkubwa wa mwili na mkubwa wa utani.

"Pua yangu ina saa," alisema akiwa bado hajafika. "Shemeji, huyu sato leo ameogelea kwenye nyanya au umemwonyesha nyanya kwa mbali?"

"Njoo umuulize mwenyewe," Evelina alijibu toka jikoni.

"Nikimuuliza hatajibu, kichwa chake ninacho mimi."

Wakacheka. Luhaga naye alicheka, akitazama chini, na moyo wake ulitulia. Nyumba ambayo watu wanacheka mlangoni pake si nyumba ya komeo.

Miaka ya mwanzo Evelina hakusema kitu. Baadaye alianza kusema kwa utani. Teodora alipoolewa upande wa Kamanga, ng'ambo ya ziwa, na majiko ya bati yakaanza kukosa wanunuzi kwa sababu watu wanahamia gesi, ugali ukawa mdogo, na utani nao ukaisha. Alinunua pazia la maua, akalitundika mlangoni. Kila Luhaga alipokaa kula alilikunja, akalining'iniza juu ya msumari.

"Baba Teo, pazia hili nililiweka la nini?"

"La nzi."

"Nzi hawali kwa matonge."

Evelina alipozidi kusema, Luhaga alimjibu kwa methali, maana methali haimtaki mtu afikirie sana. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Mimi ni mwenyeji mwaka wa ishirini na nne huu," Evelina alisema. "Nitapona lini?"

Hilo halikuwa na methali yake. Luhaga alitoka akaenda kukaa kwenye jiwe, akatazama ziwa kwa chini mpaka akaona hasira ya mkewe imepoa, kisha akarudi. Ndivyo walivyogombana siku zote: mmoja anasema, mwingine anakwenda kukaa kwenye jiwe.

Mwezi wa tisa mwaka jana, bomba la mtaani lilikauka na wanawake wakawa wanachota maji chini, karibu na barabara. Evelina alikuwa akipanda na ndoo alipoanguka. Hakuteleza. Waliokuwa nyuma yake walisema alikaa tu chini, polepole, kama mtu aliyechoka kusubiri, na ndoo ikaviringika juu ya mawe. Luhaga aliitwa toka Mirongo. Wakampeleka zahanati.

Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo aliyeandika bila kuinua uso. Alimtazama Evelina ndani ya kope, akambonyeza kucha.

"Damu imepungua sana. Jana umekula nini, mama?"

"Chai."

"Mchana?"

"Ukoko."

"Ukoko wa nini?"

"Wa ugali. Niliuloweka kwa chai."

Muuguzi akainua uso. "Na usiku?"

Evelina alitazama ukutani. "Usiku mume wangu alikuwa na mgeni."

Luhaga alikuwa amekaa hapo hapo kwenye benchi, kofia mapajani. Jana usiku yeye alikula ugali na sato wa kuunga, na mgeni alikuwa Machibya, na waliongea mpira. Alidhani mkewe naye anakula sato jikoni. Alidhani hivyo kwa miaka ishirini na minne, au alijizuia asidhani kitu kingine. Muuguzi alimgeukia, akamuuliza taratibu, kama mtu anayemuuliza mtoto, "Baba, nyumbani chakula kipo?"

"Kipo," Luhaga alisema, na hakuna siku aliyoona aibu kama ile.

Walirudi na vidonge. Evelina akalala. Jioni aliamka, akapika, akampelekea mumewe sinia mlangoni, kisha akatoka kwenda kwa jirani kuomba chumvi. Luhaga aliitazama sinia ile. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliinuka, akazunguka nyuma ya nyumba, akainama kuingia kwenye kile kibanda, akafunua sufuria.

Ndani mlikuwa na ukoko ulioshika pembeni, na maji kidogo yaliyomwagwa ili ulainike. Kwenye sufuria ya mboga mlikuwa na mchuzi wa kuweza kupaka kidole. Jiko lililokuwa chini yake alilitengeneza kwa mikono yake mwaka Teodora alipoanza shule. Aliijua ile riveti iliyopinda. Alikuwa bado ameshika kifuniko Evelina alipoingia na chumvi kiganjani.

Wakatazamana.

"Umefunua," Evelina alisema.

"Naangalia tu."

"Unaangalia nini? Miaka yote hii hujafunua chungu changu. Leo umeambiwa na nesi kwamba sina damu, ndiyo umekuja kutafuta nilichokuficha?"

Luhaga alitaka kusema kwamba hakuja kwa hilo, kwamba aliingiwa na huruma na hofu, na miguu ikamleta. Maneno hayo yalikuwepo kifuani. Hayakupanda. Alirudisha kifuniko taratibu, na kile kifuniko kikalia, na kwa Evelina mlio ule ulikuwa jibu.

"Mwizi ni mimi!" alisema, na chumvi ikamwagika. "Mimi niliyekula masalio ya Machibya nikiwa nanyonyesha! Unasifiwa mlima mzima, Baba Teo mkarimu, Baba Teo mlango wazi. Ukarimu gani huo? Unawakaribisha watu kwa tumbo langu! Lako hujalitoa hata siku moja. Wewe na mgeni mnamaliza sinia mkiwa mmeshiba wote wawili. Anayekosa yuko huku kwenye moshi."

"Sikujua."

"Hukutaka kujua. Jikoni ni hatua kumi."

Usiku ule Luhaga hakwenda kwenye jiwe. Alikaa naye, akamwahidi kwamba basi, kuanzia kesho wataketi pamoja, watakula sinia moja, na apitaye atapita. Evelina alimsikiliza akiwa amegeukia ukuta. Mwisho akasema, "Tutaona."

Kesho yake alipika sato mmoja. Waliketi mlangoni wote wawili, mara ya kwanza tangu waoane. Evelina alinawa akiwa na haya kama bibi harusi, akamega tonge, akachovya. Hapo ndipo Machibya alipoteremka njia, mkono tumboni.

"Ehee! Leo na shemeji yuko mezani! Kuna sikukuu gani ambayo sikuambiwa?"

Luhaga aliuma meno. Alitazama samaki, akatazama njia. Machibya alisimama akitabasamu, na katika kusimama kule Luhaga alisikia miguu mingine, midogo, ya zamani, inayosubiri nje ya mlango. Neno likatoka lenyewe.

"Karibu."

Na akasogea. Pale mlangoni hapakuwa na mahali pa kusogea ila upande wa mkewe. Evelina akainuka kumpisha mgeni. Aliliweka tonge lake kwenye ukingo wa sinia, halikuliwa. Akaleta maji ya kunawa. Kisha akaingia ndani, na Machibya alipokuwa akiulamba mfupa wa mwisho Evelina alitoka na begi.

"Shemeji, safari?"

"Naenda kumsalimia Teodora," alisema. "Kuleni."

Akashuka kuelekea feri.

Wiki ya kwanza Luhaga alikula kwa mama ntilie. Wiki ya pili alivuka kwenda Kamanga kumrudisha. Alibeba kilo mbili za sukari na furushi la dagaa, akasimama kwenye feri akipanga maneno, na kila feri ilipoyumba maneno yalichanganyika.

Mkwewe, Nathaniel, kijana mpole mwenye duka la vifaa vya baiskeli, alimpokea kwa heshima zote. "Shikamoo baba. Karibu sana, karibu ndani." Teodora alipiga goti kumsalimia. Alikuwa na mimba ya miezi sita, mikono imemkonda. Evelina alimwitikia toka uani, hakuja.

Kikaja chakula. Ugali mweupe, kuku, firigisi imewekwa juu upande wa Luhaga kama inavyompasa mkwe. Teodora aliwanawisha, akarudi nyuma, akapotelea jikoni. Nathaniel alisukuma minofu kwa mkwewe. "Kula baba, hujala kitu. Wewe ndiye mgeni."

Luhaga alimega tonge, likasimama njiani. Maana alikuwa mgeni kweli. Kwa mara ya kwanza alikuwa amekaa mahali pa Machibya. Akamtazama Nathaniel, kijana mwema, anayekula akitabasamu, mgongo wake umeelekea jikoni. Akamwona ni yeye mwenyewe, Luhaga, wa miaka ile ya mwanzo.

Akainua sinia yote.

"Baba?" Nathaniel alishtuka.

Luhaga alivuka ua, akaingia jikoni. Teodora na mama yake walikuwa wameketi chini, katikati yao sufuria, na Teodora alikuwa akiukwangua ukoko kwa kijiko. Alipomwona baba yake mlangoni alifunika sufuria kwa viganja.

"Baba, toka jikoni! Mume wangu anakuona!"

"Kuleni hiki," Luhaga alisema. Aliinama kuiweka sinia chini, ikaegemea upande, firigisi ikaanguka kwenye majivu.

"Unanitia aibu, baba. Atasema nimekulalamikia. Mimi nimelalamika lini?" Teodora alikuwa karibu kulia. "Mimi nimezoea. Mama nilimwona hivi hivi."

Evelina aliiokota ile firigisi, akaipuliza, akairudisha kwenye sinia. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilimwogopesha Luhaga zaidi. Alimega tonge dogo la ule ugali mweupe, akala. La pili. La tatu aliliangalia, akaliweka.

"Nimeshiba," alisema.

"Matonge mawili?"

"Hata hapa Teo ananilazimisha kula. Tumbo limefunga, Baba Teo. Halina mahali tena." Alifuta mikono kwenye kanga. "Usilie mbele ya mtoto. Nisikilize. Sikukukimbia kwa sababu ya samaki. Siku utakayomwambia mtu kwa mdomo wako, 'Leo chakula hakitoshi, hiki ni cha mke wangu,' nipigie simu. Nitavuka siku hiyo hiyo. Kwa mdomo wako. Si zaidi ya hilo."

Luhaga alirudi na feri ya saa kumi, na njaa.

Jumapili iliyofuata alipika mwenyewe. Mwanamume aliyetengeneza majiko miaka thelathini alihangaika kuliwasha moja. Moshi ulimtoa machozi ndani ya kibanda kile, na ugali ulitoka na mabuja ya unga mbichi, lakini ulikuwa ugali. Aliupakua kwenye sinia. Akapanga vigoda viwili mlangoni, chake na kimoja kitupu, akaweka simu juu ya kile kitupu. Alikuwa amejifunza sentensi yake tangu asubuhi. Leo chakula hakitoshi, hiki ni cha mke wangu. Aliisema kwa sauti mara kadhaa, peke yake, na ilitoka vizuri.

Saa saba Machibya alisikika juu ya mlima akiimba. Miguu yake mizito ikaanza kuteremka juu ya mawe. Luhaga alinyoosha mgongo. Akafungua mdomo kuijaribu sentensi mara ya mwisho, na haikuwepo. Ilikuwepo ile nyingine tu, lile neno moja, limekaa tayari kwenye ulimi.

Akaogopa. Akachukua sinia, akaingia nayo ndani haraka, akavuta mlango, akasukuma komeo.

"Baba Teo!" Machibya alibisha. "Hodi! Mbona mlango mchana huu? Pua yangu inaniambia mtu kapika!" Akabisha tena. "Baba Teo, unaumwa?"

Luhaga alikaa gizani na sinia mapajani, hakupumua. Alisikia miguu imesimama, inasubiri. Kisha ikaondoka taratibu, bila wimbo.

Baada ya muda aliitafuta simu, akakumbuka ameiacha nje. Alifungua mlango kidogo, akaichukua juu ya kigoda, akafunga tena. Akampigia mkewe.

"Machibya alipita," alisema.

Kisha sauti ya Evelina, iliyokuwa na kitu ndani yake ambacho Luhaga hakuwa amekisikia kwa siku nyingi. "Ukamwambia?"

"Hakula. Niko peke yangu. Chako kipo."

"Ukamwambia, Baba Teo?"

Luhaga alitazama komeo. "Nilifunga mlango."

Huko Kamanga kuku walikuwa wanalia, aliwasikia vizuri. Evelina alipoongea tena kile kitu kilikuwa kimeondoka kwenye sauti yake.

"Mimi sikukuomba ufunge mlango," alisema. "Mlango ni wako na baba yako. Mimi nilikuomba unitaje."

Alisubiri kidogo, labda ili Luhaga aseme neno. Simu ikakatwa. Akabaki amekaa, na ugali ulipopoa akaanza kuula kwa matonge madogo, mpaka akafika nusu. Nusu ya pili aliifunika kwa sahani. Jioni akaifunua, ilikuwa imekauka juu kama ukoko.